Bustani za Watu Wote katika Mji wa Chicago



Mtu aliyelelewa shamba huona ajabu akisikia kwamba mahali pa watoto kuchezea ni jambo la kutungiwa sheria na kulipiwa kodi. Kwao mtoto hutoka mlangoni akashika njia ya mtoni, wala hakuna wa kumwuliza tiketi. Uwanja wa ngoma unajulikana, mti wa wazee unajulikana, na malisho yapo. Lakini mjini kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na mwenyewe anataka faida. Ikiwa hakuna mtu aliyepewa kazi ya kukilinda kiwanja cha watu wote, basi kiwanja hicho huliwa kidogo kidogo: leo kibanda, kesho ghala, kesho kutwa ghorofa. Watoto hubaki barabarani katikati ya magari, na vijana hubaki kwenye pembe za nyumba, hawana kazi wala mchezo.

Hotuba hii yaeleza jinsi mji mmoja mkubwa wa Marekani ulivyolishughulikia jambo hilo kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Yaeleza mambo uliyoyafanya vizuri, na pia yale uliyoyafanya vibaya, kwa maana hayo ya pili yana mafunzo mengi kuliko ya kwanza. Mji huo ni Chicago, katika jimbo la Illinois. Uko ukingoni mwa Ziwa Michigan, ziwa ambalo kwa ukubwa lakaribia Ziwa Victoria. Watu wake ni karibu milioni 2.7. Wakati wa joto hali ya hewa ni ya jasho kama ya Mombasa. Wakati wa baridi theluji huanguka na maji ya ukingoni mwa ziwa huganda yakawa barafu. Mji huo una bustani zaidi ya 600, zenye eneo la ekari zaidi ya 8,800, pamoja na maili 26 za ufuko wa ziwa. Mtu asiye na kitu ila chumba kimoja cha kupanga anaweza kwenda kukaa ufukoni kutwa nzima, asitozwe hata senti moja kwa kuingia.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba bustani hizo hazimo mikononi mwa Baraza la Mji. Meya na Baraza lake wana kazi ya polisi, barabara, maji na takataka. Bustani zina chombo chake, nacho ni Halmashauri ya Bustani za Chicago, iliyoundwa kwa sheria ya jimbo. Ina mali yake, wafanyakazi wake na hazina yake. Inaongozwa na makamishna saba ambao huchaguliwa na Meya na kukubaliwa na Baraza la Mji, nao hawalipwi mshahara. Chini yao yuko mkuu wa kazi anayelipwa, na chini yake wako wasimamizi wa bustani moja moja, waalimu wa michezo, watunza miti, mafundi wa mabomba, na wakati wa joto waokoaji wa kulinda waogeleaji.

Fedha zatoka wapi? Sehemu kubwa hutoka katika kodi ya ardhi na nyumba. Mwenye nyumba wa Chicago akipokea hati yake ya kodi huona mafungu mbalimbali yameandikwa, kila moja na kiasi chake: hili la shule, hili la mji, hili la wilaya, hili la bustani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kila mtu anayo daftari nyumbani kwake. Mpangaji haletewi hati, lakini yeye pia analipa, kwa kuwa mwenye nyumba hukumbuka sana kuiongeza kodi hiyo katika pango. Fedha nyingine ni za ada za mafunzo, malipo ya mashua zinazofungwa katika bandari ndogo za ziwani, na mapato ya uwanja mkubwa wa Soldier Field uliofunguliwa mwaka wa 1924.

Faida ya utaratibu huo yaonekana katika miaka ya shida. Ambapo bustani ni idara ndogo ndani ya baraza kubwa, shida ikija bustani ndizo hukatwa kwanza, maana hakuna diwani atakayeondolewa kwa sababu majani hayakufyekwa. Halmashauri yenye fungu lake kisheria haiwezi kunyang'anywa fungu hilo ili mashimo ya barabarani yazibwe. Lakini utaratibu huo una hasara yake. Chombo chenye hazina yake na wafanyakazi wake huweza kujifanya ufalme mdogo, kikasikia sauti za marafiki zake tu. Chicago iliyaona yote mawili.

Mji huo ulipopewa hadhi ya mji mwaka wa 1837, wenyeji waliandika katika nembo yao maneno ya Kilatini yenye maana ya "Mji katika Bustani." Yalikuwa maneno ya matumaini kuliko ya kweli. Mji ulikuwa matope na mbao, na ardhi iliyokuwa wazi ukingoni mwa ziwa upande wa kaskazini ilitumika kuzikia wafu. Katika miaka ya 1860 daktari mmoja, John Rauch, alishika kuwaonya wakuu wa mji kwamba makaburi karibu na maji ya kunywa yaweza kuleta maradhi, naye akasema kwamba mji wenye watu wengi wahitaji miti na hewa safi kama unavyohitaji maji. Hatimaye walimsikia. Kipande ambacho hakijazikiwa watu kilifanywa bustani, na mwaka wa 1865, baada ya Rais Abraham Lincoln kuuawa, kikaitwa Lincoln Park. Makaburi yakahamishwa pole pole na bustani ikaendelea kupanuka. Hata leo limebaki hapo kaburi moja la jiwe, la jamaa ya Couch, nalo lasimama katikati ya majani ambapo watoto hupita wakikimbia.

Mwaka wa 1869 baraza la kutunga sheria la Illinois liliunda tume tatu za bustani, moja ya kaskazini, moja ya magharibi na moja ya kusini. Kila tume ilipewa uwezo wa kutoza kodi na kununua ardhi. Wachoraji mashuhuri Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux waliletwa kuchora bustani za kusini, na katika mojawapo, Jackson Park, yalifanywa Maonyesho makubwa ya Ulimwengu mwaka wa 1893. Bustani hizo zilikuwa kubwa na nzuri, zenye maziwa ya kuchimbwa na njia za farasi. Walakini zilikuwa mbali. Mfanya kazi wa machinjioni aliyeishi na mkewe na watoto sita katika vyumba viwili, na ambaye siku yake ya kupumzika ilikuwa moja katika juma, hakuwa na nauli ya kuwapeleka wote huko. Mwaka wa 1900 mji ulikuwa na watu karibu milioni 1.7, na wengi wao walikuwa wageni waliotoka Poland, Lithuania, Bohemia, Ireland na Italia. Walikuwa na bustani katika ramani, lakini hawakuwa nayo katika maisha yao.

Hapo ndipo ilipotokea fikira iliyoifanya Chicago ijulikane. Msimamizi mkuu wa tume ya kusini, J. Frank Foster, alisema kwamba ikiwa watu hawawezi kwenda kwenye bustani, basi bustani na ziende kwa watu. Tume ilijaribu kwanza kwa McKinley Park, iliyofunguliwa mwaka wa 1902 karibu na machinjio, ikiwa na viwanja vya mpira na mahali pa kuogelea. Watu walifurika. Kwa hiyo tume ikanunua viwanja vidogo katika mitaa iliyosongamana, na kufikia mwaka wa 1905 ilikuwa imefungua bustani kumi za namna mpya. Miongoni mwake zilikuwamo Davis Square, Sherman, Ogden, Armour Square na Cornell Square.

Kitu kipya kilikuwa nyumba iliyojengwa ndani ya bustani. Ilikuwa nyumba imara, iliyochorwa na kampuni ya Daniel Burnham, mchoraji majengo maarufu, na ndani yake mlikuwa na kumbi mbili za mazoezi ya viungo, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Mlikuwa na bafu zenye maji ya moto, na hilo halikuwa jambo dogo, maana nyumba nyingi za mitaa hiyo hazikuwa na bafu kabisa. Mlikuwa na ukumbi mkubwa wa mikutano, harusi na michezo ya kuigiza; vyumba vya vyama; mahali pa kununua chakula kizuri kwa bei ndogo; na katika baadhi yake chumba cha vitabu kilicholetwa na maktaba ya mji. Nje kulikuwa na bwawa la kuogelea, pembea, na mahali pa mchanga kwa watoto wadogo, pamoja na benchi za mama zao. Wakati wa baridi, watu walipofungiwa ndani na theluji, nyumba ilibaki wazi, taa zimewashwa, jioni baada ya jioni.

Wageni waliotoka miji mingine kuja kutazama walisifu majengo. Huenda walisifu kitu kisicho sawa. Jengo laweza kujengwa na mtu yeyote mwenye fedha. Kilichozifanya nyumba zile ziwe hai ni kwamba ndani ya kila moja mlikuwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, mwalimu wa michezo wa kiume na mwalimu wa kike, anayejua majina ya watoto, anayepanga timu, anayetenganisha wagomvi na kufunga mlango usiku. Pembea isiyo na msimamizi huvunjika baada ya miezi michache, kisha minyororo huibwa, na mwisho hubaki nguzo mbili. Tume ya kusini ilielewa kwamba mshahara wa mtu huyo ni gharama ya kila mwaka, si ya siku ya kufungua tu. Mwaka wa 1907 chama cha Marekani cha viwanja vya michezo kilifanya mkutano wake mkuu wa kwanza huko huko Chicago, na wajumbe wakazungushwa katika bustani hizo wajionee wenyewe.

Katika tume ya magharibi mambo hayakuwa safi hivyo. Huko alikuwako kibarua mmoja kutoka Denmark jina lake Jens Jensen, aliyefika Marekani mwaka wa 1884. Alianza kwa kazi ya mikono katika bustani, na mwaka wa 1888 alipewa pembe ndogo katika Union Park apande maua. Wengine wote wakati huo walipanda maua ya nchi za mbali yaliyokufa kila kipupwe. Jensen alikwenda porini akachimba maua ya asili ya nchi ile ile ambayo watu waliyaita magugu, akayapanda, nayo yakastawi. Alipandishwa cheo hata akawa msimamizi wa bustani. Lakini ofisi za tume ile zilikuwa zimejaa rushwa. Kazi ziligawiwa marafiki wa wanasiasa na fedha zilipotea njiani. Jensen alikataa kushiriki, na mwaka wa 1900 akafukuzwa kazi. Miaka mitano baadaye utawala ulibadilika, akaitwa tena, safari hii awe msimamizi mkuu wa bustani zote za magharibi. Yeye ndiye aliyetengeneza Columbus Park. Katika bustani zake alipenda sana kujenga kiti kirefu cha mawe chenye umbo la duara, na moto katikati, ili watu waketi wakitazamana na asiwepo aliye mbele wala aliye nyuma. Msikilizaji wa nchi hizi hahitaji kuelezwa zaidi maana ya kiti cha namna hiyo; angekiita baraza.

Sasa imefika sehemu iliyo chungu. Katika vita vya kwanza vya dunia maelfu ya Wamarekani Weusi walihama kutoka majimbo ya kusini wakaja Chicago kutafuta kazi. Hakukuwa na sheria ya kuwazuia kuingia katika bustani wala kuogelea ziwani. Walilipa kodi ile ile, katika pango lile lile. Lakini ilikuwapo desturi isiyoandikwa: ufuko wa karibu na barabara ya 25 ni wa Weusi, na ule wa barabara ya 29 ni wa Weupe. Hapakuwa na ua wala kibao. Siku ya tarehe 27 Julai, 1919, siku ya Jumapili yenye joto kali, kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea na wenzake juu ya mbao zilizofungwa pamoja, na maji yakawapeleka upande wa pili wa mpaka ule usioonekana. Mtu mmoja Mweupe alikuwa akirusha mawe. Eugene alizama akafa. Polisi aliyekuwapo, naye Mweupe, alikataa kumkamata mtu aliyeonyeshwa kuwa ndiye aliyetupa mawe. Habari zikaenea, na ghasia zikaendelea karibu juma zima. Watu 38 waliuawa, Weusi 23 na Weupe 15, na zaidi ya 500 wakajeruhiwa. Nyumba nyingi za Weusi ziliteketezwa.

Gavana wa jimbo aliunda tume ya kuchunguza, ya Weusi na Weupe kwa idadi sawa, na mwaka wa 1922 taarifa yake ikachapishwa kuwa kitabu kikubwa. Sehemu moja ya kitabu hicho yahusu bustani na viwanja vya michezo. Iliandika wazi kwamba mitaa ya Weusi ilikuwa na nafasi chache, na kwamba katika nafasi nyingine watu walitishwa na makundi ya vijana wakaacha kwenda. Jambo la pili latia uchungu kuliko la kwanza. Serikali yaweza kusema, na kusema kweli, kwamba lango liko wazi kwa kila mtu; lakini ikiwa mama hawezi kumpeleka mwanawe langoni bila hofu, lango hilo limefungwa.

Mwaka wa 1934, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, tume mbalimbali za bustani zilikuwa zimefika 22, nyingi zikiwa na madeni. Wapiga kura walikubali ziunganishwe, na hivyo ndivyo ilivyozaliwa Halmashauri ya Bustani ya sasa. Serikali Kuu ya Marekani ilitoa fedha ili watu wasio na kazi waajiriwe, na watu hao wakajenga njia, mabwawa, kuta za kuzuia mawimbi na bustani mpya juu ya ardhi iliyotolewa ziwani.

Katika mambo mema ya miaka iliyofuata, moja lastahili kutajwa kwa sababu lilianzia chini, si ofisini. Mwalimu mmoja kijana wa Halmashauri, Anne McGlone, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Anne Burke, alikuwa akifundisha michezo watoto wenye upungufu wa akili, ambao wakati ule wazazi wengi waliwaficha nyumbani. Aliona furaha yao, akapendekeza yafanywe mashindano ya mji mzima. Eunice Kennedy Shriver, dada wa Rais Kennedy, aliungana naye na kupanua jambo hilo. Tarehe 20 Julai, 1968, wanamichezo wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada waliingia Soldier Field. Ndiyo Olimpiki Maalum ya kwanza, ambayo leo yajulikana katika nchi nyingi, na Kenya ni mojawapo.

Hata hivyo jambo la mwaka wa 1919 lilikuwa halijaisha. Mwaka wa 1960 jamaa ya Weusi ilifukuzwa na kundi la watu katika ufuko wa Rainbow Beach, na mwaka wa 1961 Weusi na Weupe walikwenda huko pamoja, wakaingia majini kwa makusudi na kwa amani, wakitukanwa na kutupiwa mawe, ili kuonyesha kwamba maji hayana mwenyewe. Baada ya hapo mambo ya kufukuzana yalipungua, lakini bado yalikuwapo mambo ya daftari. Ukilinganisha bustani ya mtaa wa Weupe na bustani ya mtaa wa Weusi au wa watu wa asili ya Mexico na Puerto Rico, uliona tofauti ambayo haikuhitaji jiwe wala rungu: hapa nyumba imepakwa rangi na ina waalimu, pale paa linavuja na mlango umefungwa. Mwaka wa 1982 Serikali Kuu ya Marekani iliishtaki Halmashauri mahakamani kwa ubaguzi katika kugawa fedha, vifaa na wafanyakazi. Mwaka wa 1983 pande mbili zilifikia mapatano yaliyothibitishwa na mahakama, na Halmashauri ikalazimika kuielekeza sehemu kubwa ya fedha za ujenzi katika mitaa iliyosahauliwa.

Fikirini jambo hilo. Katika kesi ile hakukuwa na neno la mtu aliyepigwa. Ilikuwa kesi ya hesabu: kiasi gani kilitumiwa wapi, na waalimu wangapi walipelekwa bustani ipi. Wala haikuwezekana kabla ya watu kuzitazama hesabu hizo. Siku hizi bustani nyingi za Chicago zina baraza la ushauri la majirani wanaojitolea. Hukutana katika nyumba ya bustani, husema bomba lipi limevunjika, huuliza kwa nini mafunzo ya kuogelea ya watoto yamejaa, huchanga nguvu kupanda maua. Hawana uwezo wa kuamrisha. Kila mwaka Halmashauri huandaa makadirio yake na kuyafungulia kikao cha wazi, ambapo raia anaweza kusimama na kusema. Vikao hivyo mara nyingi huchosha, na wengi wasemao ni wazee wale wale. Lakini chombo hicho bado chahitaji kutazamwa: mwaka wa 2021 mkuu wake wa kazi alijiuzulu kwa sababu ya jinsi malalamiko ya waokoaji vijana waliotendewa uovu na wakubwa wao yalivyoshughulikiwa.

Limebaki jambo la ardhi yenyewe. Mwaka wa 1836 wapimaji walipochora ramani ya kuuza viwanja, waliandika juu ya kipande cha ukingoni mwa ziwa kwamba ni ardhi ya watu wote na ibaki wazi daima bila jengo lolote. Miaka ilipopita kila mtu mwenye mpango mzuri alikitamani kipande hicho, ambacho leo ni sehemu ya Grant Park. Mfanya biashara Montgomery Ward, ambaye duka lake lilikielekea, alikwenda mahakamani mwaka wa 1890, na kwa muda wa miaka ishirini hivi alipigana na mji, na jimbo, na hata na marafiki zake waliotaka kujenga nyumba ya makumbusho ya elimu. Magazeti yalimwita adui wa maendeleo. Mahakama ilimpa haki mara kwa mara kwa sababu ya maneno yale machache ya ramani. Makumbusho ilijengwa mahali pengine karibu na hapo, na uwanja ulibaki wazi. Wenyeji wa Nairobi wana kumbukumbu ya namna hiyo: mwaka wa 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, akatukanwa hadharani, na mwishowe jengo halikujengwa.

Si kila shauri huamuliwa upande huo. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Nyanza akaenda kusoma Marekani mwaka wa 1959, alianza kazi ya kuwakusanya wakazi wa kusini ya Chicago mwaka wa 1985. Baada ya urais wake ilichaguliwa sehemu ya Jackson Park, kama ekari 19, ijengwe kituo chenye jina lake. Halmashauri ya Bustani iliikabidhi ardhi hiyo kwa mji. Mwaka wa 2018 raia wengine walifungua kesi wakisema kwamba ardhi ya bustani ni amana na haiwezi kutolewa hata kwa mtu anayependwa. Wengine walijibu kwamba mitaa ile imengoja mno kupata kitu chochote kizuri. Mahakama zilikataa madai ya wapinzani, na ujenzi ukaanza mwaka wa 2021. Kwa wapangaji wengi wa karibu swali kubwa halikuwa miti, bali pango litapanda kiasi gani. Na kwa kusukumwa nao, Baraza la Mji lilitunga sheria ya nyumba za mtaa wa Woodlawn mwaka wa 2020.

Nako Davis Square, ambako nyumba ya bustani ilifunguliwa kwa ajili ya wachinjaji wa ng'ombe na watoto wao, machinjio yalifungwa mwaka wa 1971. Wapolandi na Walithuania wengi wamehama. Wakazi wengi wa mtaa huo sasa ni watu wa asili ya Mexico, na bustani ingali hapo, katika ramani ya Halmashauri na katika hati ya kodi ya kila mwaka.